Kamati ya Goti Langu

Goti langu la kushoto liliwahi kuwa na mwenyekiti, katibu na mshauri wa ufundi. Mimi mwenye goti sikuwa mjumbe. Nilipouliza kwa nini, katibu alinieleza kwa upole kwamba mhusika hakai kwenye kikao kinachomjadili, maana wajumbe watamwonea haya na ukweli hautasemwa. Kwa hiyo kila Jumapili, watu wakishatoka kanisani na mwenyekiti akishatoka gurdwara, hekalu lake la Kisikh, kamati ilifika nyumbani kwangu Hodge Hill, Birmingham, ikaketi kwenye makochi yangu, nami nikaombwa nipande ghorofani niwapishe. Nilipanda ngazi kumi na tatu kwa magongo mawili, kwa ajili ya afya ya goti.

Nianze na namna lilivyoumia, kwa sababu aibu inaanzia hapo. Niliumia nikicheza kandanda la Kiaustralia. Najua. Mtu wa Nakuru, mume wa mtu, mpanga maboksi kwenye ghala karibu na barabara kuu ya M6, upande wa Great Barr, anatafuta nini huko? Kosa lilikuwa la boksi. Siku moja lilidondoka kutoka rafu ya juu, nami niliyecheza mpira wa wavu shuleni nikaruka bila kufikiri, nikalidaka kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mwenzangu. Msimamizi wetu alikuwa Mwaustralia. Msimamizi mwenye akili timamu angeandika ripoti ya usalama. Yeye aliniuliza Jumamosi huwa nafanya nini.

Mpira wenyewe una umbo la yai. Tuliuchezea kwenye uwanja wa raga wa kuazima, tisa kwa tisa, na kila mwisho wa uwanja palisimikwa nguzo nne. Ukiupiga ukapita kati ya zile mbili za katikati, pointi sita. Ukikosa ukapita pembeni kidogo, bado unapewa moja. Mke wangu aliniuliza ni mchezo gani huo unaomshukuru mtu kwa kukosa. Lakini kitu kilichonishika ni hiki: mpira ukipigwa juu, unaruhusiwa kumpanda mpinzani mgongoni, kwa goti kabisa, ili uudake kabla haujatua. Refa anakutazama ukimkanyaga mtu mzima mabega, na anaridhika.

Kupiga teke sikujua. Mbio zangu zilikuwa za mtu anayekimbilia basi. Niliweza kuruka tu, na kwa misimu minne hilo lilitosha. Nikiwa kule juu sikuwa mpanga maboksi, wala mtu wa kuulizwa natoka wapi hasa, hapana, kwetu kabisa ni wapi. Nilikuwa juu ya watu, mpira mkononi, na nilipapenda pale juu kuliko ninavyoweza kueleza.

Halafu Jumamosi moja nilipanda vizuri, nikadaka vizuri, nikashuka kwa mguu mmoja, na goti likaelekea mahali ambako magoti hayaelekei. Kano la ndani lilikatika. Hospitalini walichukua kipande cha kano nyuma ya paja wakanitengenezea jingine, na dada wa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akasema nihesabu miezi tisa, labda mwaka. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Nilijua kwamba nisiporudi msimu uliofuata, hakuna timu itakayomtunzia nafasi mzee anayejua kuruka tu lakini haruki. Hilo lilinitia hofu usiku na mchana, na sikumwambia mtu.

Watu walikuja kunipa pole, kama ilivyo kwetu, wakanywa chai, wakaenda. Watatu hawakwenda. Wa kwanza alikuwa mzee wa Kisikh mzaliwa wa Nakuru kama mimi, fundi magari mstaafu, tuliyejuana kwenye duka moja la Alum Rock tuking'ang'ania fungu moja la ndizi mbichi. Wa pili alikuwa mama Mtanzania, mwalimu wa zamani, ambaye hawezi kuona watu watatu wameketi bila kuwatafutia ajenda. Wa tatu alikuwa binamu ya mke wangu, mtu wa Uvira, aliyewahi kuwa kipa wa akiba wa timu ya mtaa. Alasiri hiyo hiyo wakapata vyeo, mzee mwenyekiti, mama katibu, kipa mshauri, wakafungua na kundi la simu lenye picha ya goti. Halikuwa hata goti langu.

Walimwomba mke wangu awe mjumbe wa huduma. Yeye ni wa Bukavu na anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, siku nzima anawainua watu na kuwakalisha.

"Miye nashikaka magoti ya batu kila siku," aliwaambia. "Ile ya kuongea juu ya goti, muniache."

Basi nikawa naketi ngazi ya juu kabisa, magongo mapajani, nasikiliza mwili wangu ukijadiliwa.

"Ndugu mwenyekiti," katibu alianza siku moja, "ajenda ya kwanza ni uvimbe."

"Hii goti ni kama gearbox," mwenyekiti alisema. "Imewekwa ingine, sawa. Lakini huwezi toa gari garage ukaingia nayo highway hiyo siku. Pole pole kwanza."

"Non, non, écoutez, musikie," akasema binamu. "Kwetu mutu anaumia, kisha wiki mbili iko kwenye terrain anacheza. Huyu iko anachelewa juu anakula mingi."

"Naomba suala la kula lisiingie kwenye kumbukumbu," akasema katibu.

"Liingie," akaamua mwenyekiti.

Likaingia. Ajabu ni kwamba aliyenilisha ni kamati yenyewe. Waliazimia kwamba kiungo hujengwa na kiungo, kwa hiyo kila wiki nililetewa sufuria ya supu ya kongoro, yaani miguu ya ng'ombe, nzito, inayoganda kwenye friji ukaweza kuikata kwa kisu. Niliinywa yote, kwa sababu ukimrudishia katibu sufuria yenye supu unaandikiwa barua. Dada wa fizio alinipima uzito, akapima tena, akasema goti linaendelea vizuri sana ila limeongezewa mzigo.

Fizio, kwa upande wake, hakuwa na ajenda. Alinifundisha vitu vidogo. Wiki za mwanzo kabisa alinifundisha ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, unatangulia mguu mbovu, halafu mzima unaufuata kwenye kidato kile kile, ndipo uende kingine. Nikashika somo. Magongo yakaondoka, uvimbe ukaondoka, nikaanza kukimbia, nikarudi ghalani. Mwezi wa kumi na moja fizio aliniambia niruke kwa mguu mmoja kwenye zulia lake, akapima kwa utepe, akalinganisha kushoto na kulia. Sawasawa. Akasema goti limepona, kilichobaki ni changu mwenyewe, akanipa mkono wa kwaheri.

Niliifikishia kamati habari hiyo nikitarajia vigelegele. Katibu alitaka kujua fizio ameandikia nani. Mwenyekiti alionekana mnyonge kweli, nami nikamhurumia. Tangu astaafu hakuna mtu aliyekuwa akimngoja ili kikao kianze. Wakajadili saa nzima, mimi juu wao chini, wakaazimia kwamba kupona kwa zulia hakutambuliki, na kwamba goti litahesabiwa limerudi pale kamati itakapoliona kwa macho uwanjani.

Niliposhuka kuwashukuru, mke wangu alikuwa chini ya ngazi na nguo za kufua. Alinitazama miguu mpaka kidato cha mwisho.

"Bado?" akauliza.

"Bado nini? Nimepona. Fizio amesema."

Akachukua nguo zake akaenda jikoni.

Kocha wangu, yule yule Mwaustralia wa ghalani, alinipanga mechi ya mwisho ya msimu. Aliniambia ukweli: timu ina vijana wengi, kama naruka nina nafasi mwakani, kama siruki tutabaki marafiki. Kamati ilifika mapema na viti vya kukunja, chupa mbili za chai na chapati zilizofungwa kwenye taulo. Hakuna hata mmoja aliyeujua mchezo. Binamu alisimama kando ya uwanja akimwelekeza kipa, kwenye mchezo usio na kipa. Mke wangu alikuja pia, mara yake ya kwanza, akiwa na sare ya kazi, akasimama peke yake karibu na uzio.

Mpira wa kwanza wa juu ulinijia robo ya kwanza tu. Ulikuwa mzuri, ulikuwa wangu, na mgongo wa kupanda ulikuwepo, mpana kama meza. Nilikunja magoti, na miguu haikutoka chini. Niliunyooshea mkono nikaupangua kwa ngumi, kana kwamba ndiyo nia yangu. Kamati ikapiga makofi. Wa pili niliupigia kelele kwamba ni wa kijana aliyekuwa kulia kwangu, naye akaamini. Wa tatu niliteleza. Nyasi zilikuwa kavu kabisa.

Dakika za mwisho refa alinipa pigo la bure karibu na nguzo. Nilipiga, nikakosa, mpira ukapita pembeni, nikapewa ile pointi moja. Tulikuwa tumeshafungwa zamani, lakini mwenyekiti aliruka kutoka kwenye kiti, katibu akapiga kigelegele, na binamu akanikumbatia huku analia.

"Umerudi, kijana yangu!" mwenyekiti alisema. "Engine inaunguruma!"

Nami nikakubali. Hili ndilo linalonikera hadi leo. Nilipeana mikono, nikala chapati tatu, nikapigwa picha. Kocha alinigonga bega, akasema mwakani tutaona, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaona.

Njiani kurudi nyumbani nilianza mimi, nikamwambia mke wangu kwamba mchezo huu una mbinu nyingi, si lazima mtu aruke kila mara.

"Haukuruka hata mara moya," akasema. "Miye sijue ile mchezo, lakini woga naijua. Kwa kazi bazee banashukaka ngazi sawa na weye. Mutu alianguka mara moya, goti likapona, yeye hakupona. Kila siku unashuka na ule mguu wa kushoto mbele, halafu mwingine unaufuata, sawa na bibi harusi anaingia kanisani. Miezi ngapi?"

Nilitaka kumbishia. Nikaziwaza ngazi zetu, nikashindwa kukumbuka hata siku moja niliyoshuka vinginevyo. Ningeshuka hivyo mpaka nizeeke, na cheti cha kamati kikiwa ukutani. Nililia kidogo, nikasingizia jua.

Jumapili iliyofuata kamati ilikuja kuandika taarifa ya mwisho. Niliombwa nipande kama kawaida. Nikaketi juu, nikawasikia wakibishana kama waandike "amerudi katika kiwango chake" au "amerudi na kuzidi kiwango chake". Binamu alitaka kuzidi. Katibu aliomba ushahidi, akapewa ile pointi moja.

Mke wangu akaja kusimama chini ya ngazi. Hakubeba nguo wala chochote.

"Shuka," akasema. "Anza na kulia."

Watu wasiowahi kuumia hawawezi kujua maana ya maneno hayo. Ukianza na mguu wa kulia, ule wa kushoto unabaki juu peke yake, unajikunja, na wewe mzima, pamoja na kongoro zote za mwaka, unaning'inia kwenye goti moja. Nilishika ubao wa kushikia ukutani. Nikashusha mguu wa kulia, goti la kushoto likatetemeka, likanishusha. Nikashuka kidato cha pili, na cha tatu. Jasho lilinitoka kuliko siku ya mechi.

"Toa mukono kwa ukuta."

Nikautoa. Nikashuka kama watu wengine wote wa Birmingham wanavyoshuka ngazi zao kwenda kunywa chai. Vilipobaki vidato vitatu akarudi nyuma hatua mbili akanifungulia nafasi.

"Sasa ruka."

Sikuwa na muda wa kufikiri, kama siku ile ya boksi. Niliruka. Nilipaa kidogo sana, lakini nilipaa, nikatua kwa miguu yote miwili, na nyumba nzima ikatikisika hadi vikombe vya kamati vikalia kwenye visahani. Goti likanipokea, likakaa kimya. Mke wangu alinishika uso kwa mikono yake miwili, akacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu niumie.

"Kuna nini huko?" katibu aliita. "Tafadhali, kikao kinaendelea."

Mke wangu akaufungua mlango wa sebule. "Muandike ile," akawaambia.

Katibu akauliza kama jambo hilo lilikuwa kwenye ajenda. Sikusikia alijibiwa nini, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kupanda tena ili niruke.