Chapati ya kuku mbele ya mama mkwe

Sasa mimi niko na kuku mdomoni, mama mkwe huyo mlangoni!

Andika hivyo hivyo, Naliaka mjukuu wangu, usirembeshe.

Leo mke wa kijana yangu anakunja kuku ya jana na kabichi ndani ya chapati, nikakumbuka.

Miaka ya sitini nilikuwa napikia Mama Salim, hapo Kilimani. Nimeolewa juzi tu.

Siku moja tunakunja hivyo hivyo, Mama Salim akaniambia, "Onja chumvi."

Nikamwambia, "Kwetu mwanamke hali kuku, ni mwiko."

Akacheka. "Kwani mama mkwe wako yuko Kilimani?"

Nikauma. Wueh! Tamu, na ndimu na pilipili.

Hodi.

Ni yeye! Ametoka Kakamega na basi, akaulizia mpaka akafika.

Nikajua leo narudishwa kwa wazazi.

Aliniangalia mpaka nikameza. Kisha akafunga mlango, akakaa kwa stuli.

"Nimepika hiyo kitu tangu niolewe, sijui ladha yake. Nikunjie."

Tukakula. Bwana yangu alikufa bila kujua.

Nyinyi mngemnyima?

Ngoja, naitwa jikoni. "Mama, kuja uonje chumvi!"

Wacha niende.