Kiu ya Haji

Kila nikipita mlangoni mwa saluni na harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha ikanijia, hunirudisha Jedda, katika chumba chetu cha Al-Baghdadiyah, kwenye pumzi ya mdogo wangu Haji. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye mitano. Baba alikuwa dereva Riyadh, mtaa wa Al-Suwaidi, na kwetu alifika mara moja kwa mwezi.

Mwaka ule Haji alishikwa na kiu isiyokwisha. Akinywa, anakojoa, akikojoa, anataka tena. Godoro lake lilianikwa kibarazani kila siku, hata majirani wakalizoea kama pazia letu. Alikula kunishinda, lakini suruali zikawa zinamvuka. Mama aliamini ni minyoo, tena na deko juu yake. Baba kwa simu akashauri anyimwe maji kuanzia alasiri. Chupa zikafungiwa kabatini, nami nikaambiwa nimchunge.

Siku moja nilimkuta kibarazani amepiga magoti, anakunywa kwa viganja maji ya ndoo iliyokinga matone ya kiyoyozi. Aliniangalia tu. Nikaenda kumsemea. Mama akamchapa, kisha akalia yeye.

Siku ya pili yake Haji hakuweza kuinuka. Alihema kwa nguvu kama aliyetoka mbioni, na kinywani mwake ikatoka harufu ile. Mama akadhani amekunywa dawa ya kucha. Tukapekua nyumba nzima, mpaka akakumbuka kwamba hajawahi kuwa nayo. Akawa anazunguka chumba, huku anasoma Yasini, huku anapiga simu ya Baba isiyopokewa. Nikakimbia ghorofa ya chini kumwita dada Njeri, muuguzi Mkenya. Alimwinamia Haji, akamnusa mdomo, akauliza kama amekuwa akinywa maji mengi. Mama akatazama kabati la chupa. Nikajibu mimi.

"Alikuwa anayataka. Tulimnyima."

"Mama Saumu, hii si minyoo," Njeri akasema polepole, akimwita kwa jina langu. "Ni sukari. Beba mtoto twende saa hii."

Siku mbili hospitalini Haji hakututambua. Baba alikuja kutoka Riyadh na nguo za kazi, akakaa sakafuni kwenye ukumbi, asimtazame Mama. Siku ya tatu Haji alifumbua macho, akaomba maji. Lakini kabla ya kuomba alinitazama mimi kwanza, kwa woga.

Miaka baadaye, tumesharudi kwetu Unguja nami niko sekondari, mwalimu wa baiolojia alitueleza kwamba bila insulini sukari hurundikana kwenye damu huku seli zikifa njaa. Mwili huyayusha mafuta yake wenyewe, ndipo hutoka asidi na harufu ile, na huvuta maji kwa pupa ili uikojoe sukari iliyozidi. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Kumbe ile kiu ilikuwa mwili wake ukipigania uhai.

Haji sasa ni mtu mzima, anajidunga sindano mwenyewe. Nimemwomba radhi mara mbili. Husema hakumbuki chochote, tena husema hivyo haraka sana.