Antena ya Kusubiria Mwezi

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Shule niliishia darasa la nne, lakini gari langu, la umri wangu, nimelifufua kwa mikono hii, na hapa Kilwa Masoko hulioni la pili.

Marehemu mke wangu alikuwa akitoa redio barazani kila ishirini na tisa ya Ramadhani, na mtaa mzima ukija kusikiliza kama mwezi umeandama. Mwaka huu nilitaka waje tena. Nikanunua antena ya umeme, nikatoboa bodi juu ya tairi la mbele, nikafunga mota kwa ndani, nikavuta waya mpaka kwenye redio ya gari. Baada ya kufuturu nikaegesha gari mbele ya baraza, nikatandika mkeka, nikawasha redio. Antena ikapanda yenyewe, taratibu, kama bibi harusi.

Hakuja mtu. Mtangazaji alikuwa bado anasema tusubiri, mara takbira zikaanza nyumba ya pili. Jirani akapita na nazi za sikukuu, simu mkononi.

"Tajiri, lifimbo hilo unavulia pweza wa mbinguni?"

"Nasubiri mwezi."

"Umeshaandama, kaka! Tumeletewa kwenye simu. Umenunua bei gani hiyo?"

Nikamsogezea mkeka akae nimweleze vizuri, lakini mkewe alimwita, akaondoka. Nikazima redio, antena ikashuka. Nikalijibu swali lake hivyo hivyo, peke yangu: laki moja na themanini na sita elfu, mia tano.