Kukhu Nje ya Meza ya Bwana

Katika darasa letu la ubatizo kuna swali ambalo mwalimu hulirudia kila Jumamosi mpaka limechakaa. "Kristo alikufa kwa ajili ya nani?" Sisi vijana, tumebanana kwenye viti vya plastiki, tunajibu kwa sauti ya watu walioamshwa: "Kwa ajili ya watu wote." Mwalimu anashika sikio. "Sijasikia." Tunapiga kelele, "Watu wote!" Anaridhika, tunaenda swali linalofuata, ni kama hilo limeisha.

Kwetu halijaisha. Mimi naishi Langas na nyanya yangu, ambaye nyumbani tunamwita Kukhu, na ni yeye anayetayarisha Meza ya Bwana katika kanisa letu. Jumamosi jioni anakata mkate vipande vidogo vidogo vya mraba. Anaosha vile vikombe vidogo vya plastiki kimoja kimoja na kuvikausha kwa taulo ambayo hairuhusiwi kugusa kitu kingine chochote. Siku moja niliipangusia mikono, nikadhani atanirudisha kwa mama yangu. Jumapili anabeba vyote kwa beseni, anapanga, anafunika na kitambaa cheupe. Kisha anaenda kukaa benchi la mwisho karibu na mlango. Trei ikimfikia, anaipokea kwa mikono miwili na kumpitishia jirani. Yeye hali wala hanywi.

Ni kwa sababu yeye ni mke wa pili. Alibatizwa akiwa msichana, halafu akaolewa na Babu, ambaye tayari alikuwa na mke, na kanisa likamtenga. Hapo hata mama yangu hajazaliwa. Ukitengwa unaweza kuimba, kutoa sadaka, kufagia, kupikia wageni, na kumbe hata kukata mkate. Kuula ndiyo huwezi.

Ningenyamaza kama sheria ingekuwa moja. Lakini Babu alirudishwa! Babu, aliyeoa wawili! Mwaka jana alipopata kiharusi akalazwa, wazee wa kanisa walienda wodini, wakamuuliza kama ametubu. Babu hangeweza kuongea, akapepesa macho. Wakasema ametubu. Alipotoka hospitali, mke wake mkubwa, ambaye yuko shambani karibu na Sugoi, alimpigia Kukhu simu: "Mchukue wewe uko karibu na daktari. Mimi niko na ng'ombe." Kwa hivyo yuko kwetu, kwenye kitanda cha Kukhu, na kila mwezi mchungaji anamletea mkate na juisi ya zabibu kwa kikebe. Kukhu anashika shingo ya Babu isilegee. Mchungaji anamlisha, anamnywesha, na ile juisi inayoteremka kidevuni, ni Kukhu anayeipangusa. Aliyeolewa anampangusa aliyeoa, na aliyeoa ndiye ameshiriki. Mimi huwa natoka nje kuanua nguo hata kama bado ni mbichi.

Sasa mwaka huu, Pasaka ikikaribia, Kukhu alinishangaza. Alikuwa akimmiminia mchungaji chai, akasema tu, hata hakuinua macho, "Mchungaji, mimi nazeeka. Nataka nikule Meza ya Bwana kabla nikufe. Hata mara moja tu."

Mchungaji wetu ni kijana, bado ana chunusi, na ana heshima. Akasema ataongea na wazee.

Wazee wawili wakaja Jumatano, pamoja na mwenyekiti wa akina mama, ambaye Kukhu amempikia kwenye harusi za watoto wake wote. Nyumba yetu ni vyumba viwili. Mimi hulala huku mbele kwenye kochi, Kukhu na Babu chumba cha ndani. Walikunywa chai, wakala mandazi, wakasifu mandazi, wakauliza masomo yangu yanaendeleaje, nikasema vizuri. Ndipo yule mzee mkubwa akaweka kikombe chini.

"Mama, tumekuja kuona makao."

"Muone. Makao ndiyo haya."

"Mzee analala wapi?"

Kukhu akasukuma mlango wa ndani. Babu alikuwa amelala chali, macho kwenye mabati.

"Na wewe, Mama?"

"Hapo hapo. Upande wa ukuta."

Yule mzee alikitazama kitanda vile fundi anatazama ukuta uliopinda. Ni kitanda cha nne kwa sita, na Babu ni mtu wa mwili.

"Sasa Mama, hapo ndipo kuna shida. Katiba ya kanisa inasema mke wa pili anarudishwa akijitenga na mume."

"Nijitenge niende wapi? Hii nyumba ni yangu."

"Si kuondoka. Kujitenga... kimwili."

Mama mwenyekiti akaanza kuchunguza kikombe chake kama anatafuta ufa.

"Mzee wangu," Kukhu akasema, "huyu mtu hawezi kujigeuza. Namgeuza usiku asitoke vidonda. Nikilala mbali nitasikia vipi akiita?"

Sauti ikatoka ndani. Tangu kiharusi maneno ya Babu hutokea upande mmoja wa mdomo, yamekatikakatika, na ni mimi na Kukhu tu tunayaelewa.

"Amesema nini?" mzee wa kanisa akauliza.

"Amesema asante," Kukhu akajibu.

"Asante ya nini?"

"Anasema mmempa heshima. Alidhani hakuna mtu bado anamwogopa kwa hayo mambo."

Mama mwenyekiti alicheka akamwagia leso yake chai. Wazee hawakucheka. Yule wa pili, ambaye alikuwa hajasema lolote isipokuwa kuhusu mandazi, ndiye alipata njia: Kukhu alale kwenye godoro lake chini, na katikati kuwe na pazia. Hapo itahesabika amejitenga. Wote wakaona ni hekima kubwa. Haki ya Mungu, waliliombea hilo pazia, tena kabla halijanunuliwa.

Nilitaka kusema kitu. Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumefundishwa kwamba Yesu alipokufa pazia la hekalu lilipasuka toka juu mpaka chini, ikimaanisha hakuna tena kizuizi kati ya Mungu na mtu. Na ni huyo mzee mkubwa, yeye mwenyewe, alikuja darasani kutufundisha, akapasua gazeti mbele yetu ndiyo tuelewe. Sasa ametembea na miguu yake mpaka kwetu kuagiza lingine. Mtu anawezaje kupasua gazeti Jumamosi na kutundika pazia Jumatano na asisikie chochote kichwani? Lakini mimi nikiangaliwa tu na mtu mzima masikio yanashika moto. Nikakusanya vikombe.

Na aliyenimaliza kabisa ni Kukhu. "Sawa," akasema. "Pazia si ngumu."

Walipoenda nikamwuliza, "Kukhu, si ungekataa?"

"Nikatae nini? Ni kitambaa."

"Lakini wanakuonea!"

"Umemaliza? Shika msumari."

Tukatundika shiti la maua kwenye waya. Kila usiku nilisikia waya ukikwaruza, Kukhu akivuka, akimgeuza Babu huku akimgombeza kwamba amekuwa mzito kama gunia la mahindi mabichi, kisha waya tena, akirudi. Akivuka na kurudi namna hiyo mpaka asubuhi. Kwa hilo pazia walichopata ni kumnyima mwanamke mzee usingizi.

Jumapili ya Pasaka alivaa gauni la buluu alilokuwa amelipiga pasi tangu Ijumaa. Mtu anayerudishwa husimama mbele ya kanisa lote na kujibu. Alisimama. Alionekana mfupi sana kule mbele, na nikagundua sijawahi kumwona upande ule wa kanisa wakati wa ibada, ila wakati wa kufagia.

"Mama," mzee mkubwa akauliza, "umejitenga?"

"Kuna pazia."

"Tunajua kuna pazia. Unakaa upande wako?"

"Nakaa. Isipokuwa wakati wa kumgeuza."

Watu wakaanza kunong'ona.

"Kwa hivyo unavuka."

"Nisipovuka ataoza, Mzee."

Mtu akacheka nyuma, akanyamazishwa. Nilitamani adanganye. Angesema tu "nimejitenga", neno moja, na angekula. Nani angeenda kuchungulia? Lakini Kukhu alisimama pale na mkoba wake mikononi kama anangoja chenji. Mzee akamwinamia mchungaji, wakanong'onezana, mchungaji akajikuna shingo, akaangalia chini. Kisha mzee akamwambia kwa upole, na huo upole ndio uliniudhi kuliko yote:

"Mama, hebu tungoje kidogo. Bwana akishafungua njia, hakutakuwa na kizuizi."

Wengine wakaitikia amina.

Kukhu akarudi kwenye benchi letu, akakaa. Vikombe alivyovipanga mwenyewe asubuhi vikaanza kuzunguka. Mimi nilikuwa bado kwenye maneno ya mzee. Bwana afungue njia. Njia gani? Ilinichukua muda, pengine kwa sababu yalisemwa vizuri. Wanangoja Babu afe. Hayana maana nyingine. Babu akifa, Kukhu ni mjane, na mjane hana mume wa kujitenga naye, kwa hivyo mjane anakula. Yaani kile kifo tunachokipigia kelele kila Jumamosi, kile cha watu wote, kwa Kukhu hakijatosha. Kwake lazima kiongezwe kingine. Na tulikuwa tunaimba nyimbo za kaburi tupu! Trei ikanifikia, nikampa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaipitisha.

Nyumbani alikaa kwenye kigoda akimenya viazi, na alikuwa akivimenya vibaya sana, nusu ya kiazi inaenda na ganda, yeye ambaye hunigombeza kwa hilo. Nikampelekea Babu uji. Mimi na Babu huwa hatuongei sana, ndiyo maana tunapatana.

"Amekula?" akauliza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

Sijui nilitoa wapi ujasiri. Labda kwa sababu yeye ndiye mtu mzima pekee ambaye hawezi kugeuka kuniangalia. Nikasema, "Wanangoja wewe ufe kwanza."

Akatazama mabati. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani ugonjwa umerudi, nikataka kumwita Kukhu, kumbe anacheka. "Watangoja," akasema, silabi moja moja. Halafu kicheko kikakauka, na upande mzuri wa uso wake ukatulia kama ule mwingine. Uji hakuutaka tena.

Mchungaji alikuja wiki hiyo na kikebe chake. Nilikuwa nikienda zangu kuanua nguo, lakini Kukhu akasema mkono unamuuma, nimsaidie kushika mto. Mchungaji akaomba, akachukua kipande, akasema yale maneno, kwamba huu ulitolewa kwa ajili yako. Babu akafunga mdomo.

"Mzee, fungua kidogo."

Akaufunga zaidi.

"We Mzee," Kukhu akasema, "fungua mdomo, mtu ana safari."

Babu akatikisa kichwa, akasema kitu. Mchungaji akamwangalia Kukhu amtafsirie. Kukhu akageuza uso ukutani. Ndipo wote wakaniangalia mimi. Masikio yakashika moto kama kawaida.

"Anasema umpe Kukhu kwanza."

"Mzee," mchungaji akasema, na nilimhurumia kidogo, mkate uko hewani na hajui aupeleke wapi, "unajua mimi peke yangu siwezi. Kuna wazee. Kuna katiba."

Babu akasema tena.

"Anasema basi na yeye amejitenga."

Kukhu akalipuka. "Usimsikize! Huyu akili imeguswa na ugonjwa! Mzee, unataka kuenda motoni kwa sababu yangu? Mimi sitaki hiyo mzigo, umesikia? Kula!" Akamshika kidevu kama anavyomshika akimpa dawa. Babu, ambaye hawezi kuinua kijiko, alikaza meno, na hakuna aliyeweza kuyafungua. Mchungaji akarudisha kipande kwenye kikebe, akasema ataongea na wazee tena.

Ameongea nao. Anasema bado wanajadili. Kukhu alimkasirikia Babu siku nyingi, akimgeuza bila kusema neno ila "Geuka, kichwa ngumu." Nikamwambia pengine Babu amefanya vizuri. Akaniambia nyamaza, mtoto wa shule hajui kitu, jina la Babu lilikuwa limerudi kwenye kitabu cha washirika na sasa litafutwa. Nikajifungia chooni kwa hasira. Hata ukiwa upande wake atakugombeza.

Mwezi uliofuata mchungaji alikuja tena, na Babu akafunga mdomo kabla hata kikebe hakijafunguliwa. Kukhu hakugombana safari hii. Alianza kulia, kilio kile cha hasira, akisema hajawahi kuomba kitu kikubwa, aliomba kukula tu pamoja na wengine, na sasa wako nje watu wawili badala ya mmoja. Babu akagonga kitanda kwa ule mkono unaofanya kazi. Akasema maneno mawili, na hayo mchungaji aliyaelewa bila mimi.

"Kaa hapa."

Kukhu akamwangalia mchungaji. Akapangusa macho na leso, akakaa kitandani kando ya Babu, upande wa pazia aliokatazwa. Mchungaji akaomba kwa kifupi, akabeba kikebe chake, akaenda.