Siku Nilipomzika Baba Redioni

Siku yangu ya kwanza kazini niliimba Kiingereza ambacho Waingereza wenyewe hawajawahi kukisikia. Ilikuwa Idi Pili, alasiri, pale Kibiti, katika jengo la bati lililokuwa zamani ghala la korosho. Shughuli yenyewe ilikuwa disko toto, yaani disko la watoto linalopigwa mchana ili warudi makwao kabla ya magharibi. Nilikuwa kidato cha tano na nilijiona mtu mzima kwa sababu nilivaa miwani ya jua ya mitumba. Bosi wangu wa kwanza, ambaye wote tulimwita Mkuu wa Mitambo, alikuwa na jenereta moja, spika mbili na mamlaka yote. Alinipa kipaza sauti, nikafoka dakika tatu. Muziki wetu siku hizo uliitwa kufokafoka, maana wazee waliousikia walidhani tumekasirika.

Nilipomaliza aliniita pembeni.

"Umesema nini?"

"Sijui, bosi."

"Kuna mtu humu anajua?"

"Hakuna."

"Vizuri. Usibadilishe kitu."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kazi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara. Maduka yalikuwa yamejaa ghafla, redio kaseti za Dubai zilikaa juu ya kila kaunta, na kila mtu alikuwa anauza kitu. Mimi sikuwa na cha kuuza isipokuwa maneno. Nilipokwenda Dar es Salaam kusoma falsafa Chuo Kikuu, baba aliwaeleza majirani zetu wa Mohoro kwamba mwanawe anasomea kufikiri. Majirani wakampa pole.

Kituo changu cha pili cha kazi kilikuwa studio ya vyumba viwili, kuta zake zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Aliyeimiliki alikuwa amepiga kinanda kwenye bendi ya harusi kwa miaka mingi, lakini alitaka aitwe Mkurugenzi, nasi tukamwita hivyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi ilivyo. Kwanza unatengenezwa mdundo, ambao sisi tuliuita biti. Juu ya biti unaandika mistari, na mistari lazima ifungwe kwa vina. Katikati unaweka kibwagizo, sehemu ambayo msikilizaji ataishika hata kama hakuelewa mengine. Tulirekodi wimbo mzima kwa mkupuo mmoja. Ukikohoa mstari wa mwisho, unaanza upya.

Kifua changu hakikuwa cha kufoka. Kila nilipopandisha sauti nilikohoa, kwa hiyo nikajifunza kuimba chinichini, kama mtu anayesema na nafsi yake. Mkurugenzi akanipa jina la kazi, Mnong'ono. Magazeti baadaye yaliandika kwamba Mnong'ono anachimba ndani ya roho. Ukweli ni kwamba Mnong'ono alikuwa na pumu.

Kanda yangu ya kwanza ilikuwa na nyimbo nane kuhusu upweke wa mwanafunzi wa falsafa. Walioinunua, nadhani, ni wanafunzi wa falsafa. Mkurugenzi aliniita ofisini, yaani kwenye kiti cha pili.

"Wewe una sauti ya msiba," akasema, "lakini huna msiba. Wazazi wako wapi?"

"Mama alifariki nikiwa darasa la sita."

"Mama aachwe. Kila msanii ana mama, soko la mama limejaa. Baba?"

"Yuko Mohoro, analima mpunga."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

Akatikisa kichwa kama daktari mwenye majibu mabaya. "Hapo ndipo tulipokwama. Mzazi mzima hauzi kanda."

Ningeweza kumkatalia. Sikumkatalia, na sababu yake si nzuri. Mama yangu, ambaye kweli alikufa, sikuweza kumwandikia hata nusu mstari. Kila nilipojaribu mkono ulikataa. Baba mzima aliandikika kwa wepesi wa kutisha. Kwa muda wa mihadhara miwili nilimtia ugonjwa, nikamuuguza, nikamzika. Wimbo niliuita "Maneno ya Mwisho ya Mzee Mbonde", kwa jina lake halisi, kwa kuwa Mkurugenzi alisema jina halisi linauma zaidi. Katika kibwagizo baba, akiwa anakata roho, ananiusia:

*Mwanangu usilie, mto umeshanipa njia,*
*shika kalamu yako, jembe langu liote kutu pia.*

Wimbo ulikwenda kama moto wa kiangazi. Wasichana wa chuo walilia. Nilipiga shoo Morogoro, Tanga, Dodoma, na kila nilipofika kwenye "usilie" nilifumba macho, nikiwa nawaza chakula cha mchana. Sikuwa na hofu na nyumbani. Wimbo ulipigwa kwenye redio mpya za mjini, na nilijituliza kwamba mawimbi yake hayavuki mto wetu pale pantoni ya Ndundu.

Hayakuvuka kweli. Lakini ilikuwapo redio nyingine, ile iliyosikika mpaka mashambani, ambayo kila adhuhuri ilisoma matangazo ya vifo. Kwetu saa hiyo hakuna anayeongea. Hata anayekuna nazi husimamisha mkono. Siku moja mtangazaji alimaliza kusoma majina ya marehemu, akasema kwa huzuni ya kweli, maana alikuwa mtu mwema: "Na sasa tumpe pole kijana wetu wa Mohoro, aliyempoteza baba yake, Mzee Mbonde." Kisha akaupiga wimbo wote.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama mdogo, mke wa pili wa baba. Baba hakuwepo nyumbani. Mpunga ulikuwa umeanza kuiva, na msimu huo watu wetu huhamia mashambani ng'ambo ya mto, wakaishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakiamia ndege wasimalize nafaka. Alikuwa huko wiki ya tatu. Mama mdogo alisikia "mto umeshanipa njia" akaangua kilio. Angebishaje? Mwana mwenyewe kasema, tena redioni. Mtu akatumwa ng'ambo kuutafuta mwili, na mtu huyo akapishana na baba majini, kila mmoja kwenye mtumbwi wake.

Hivyo baba alirudi kwake asubuhi ya siku ya pili, mgongoni ana kikapu cha kambare, akakuta mikeka imetandikwa uani, masufuria makubwa motoni, na ndugu wamefika kutoka Umwe na Mkongo na mchele wao. Kizingitini amekaa Bwana Komba, Mngoni aliyehamia kwetu zamani, mtani wa baba. Mtani msibani ana ruhusa yake: humwigiza marehemu, hudai chakula, hutukana apendavyo, na hakuna wa kumgusa. Bwana Komba alikuwa amevaa kanzu ya baba na kofia ya baba, na alikuwa anachechemea kama baba, akigomba kwa sauti ya baba kwamba chai haina sukari.

Kilio kilikatika. Baadhi ya wanawake wakakimbilia jikoni.

"Komba," baba akasema, "vua kofia yangu."

Bwana Komba akamtazama juu mpaka chini. Hakutikisika. "Marehemu, una haraka ya nini? Wali haujaiva. Rudi ukalale, tutakuita."

"Vua kofia, nasema!"

"Na mchele wa watu wa Mkongo waubebe tena kichwani? Maiti gani bahili hivi!"

Mama mdogo anasema kicheko kilichozuka hapo hakikutofautiana sana na kilio. Baba peke yake hakucheka. Aliweka kikapu chini, akaketi kwenye mkeka wa msiba wake, akaomba aelezwe nani amemuua.

Nilipata ujumbe kwa dereva wa basi: njoo, na hiyo kanda uje nayo. Nilifika Mohoro siku ya tatu yake. Njiani kutoka stendi watoto walinisalimu kwa heshima, na watu wazima walikuwa na shughuli upande mwingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Weka huo wimbo."

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mkono juu ya redio kaseti kana kwamba inaweza kukimbia. Ulipokwisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasikiliza mara tatu. Nilijiandaa kujitetea kwa kila nilichosoma chuoni kuhusu sanaa na ukweli, nikagundua kuwa vyote vilikuwa kwa Kiingereza.

"Kunifisha nimekusamehe," akasema mwisho. "Kufa nitakufa tu, weye umewahi kusema. Uchuro wake tumeuombea dua jana, umekwisha. Lakini haya maneno ni ya nani?"

"Ya wimbo, baba."

"Nimeuliza ya nani."

"Yangu."

"Basi ungesema ni yako! Mie nimelima tangu sijaota ndevu. Mafuriko yamebeba nyumba, nimelima. Mama yako kafa, nimelima, ndipo ukasoma. Jana shemeji yangu wa Umwe kaniuliza, eti kweli unaona jembe si kitu? Watu wamelia kwa maneno ambayo mie siwezi kuyasema hata nikiwa na homa. Jembe liote kutu! Mie!"

Nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Radhi kwetu ni kibali cha mzazi, na mtu aliyeikosa hata chakula hakimshuki vizuri. Baba aliondoa mikono yangu magotini kwake, polepole, kama mtu anayeondoa sisimizi.

"Bado. Nenda huko huko ulikosemea. Useme nipo, na jembe langu halina kutu. Na kuanzia leo usiseme juu yangu jambo ambalo halipo. Ukimaliza, ndipo uje uniombe."

Nilirudi Dar nikamweleza Mkurugenzi. Alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Ukisema hivyo umemfufua baba yako na kuniua mimi. Nani atamwamini tena Mnong'ono? Unauza moyo, kijana. Moyo ukijulikana ni bandia, unarudishwa dukani."

"Nitakosa radhi, Mkurugenzi."

"Radhi utaomba hata mwakani. Wimbo unauza sasa."

Siku mbili sikulala vizuri, na sitajipamba: nilipima kweli. Shoo kumi na moja zilikuwa zimeshapangwa. Mwishowe kilichonishinda si ucha Mungu. Ni ile picha ya baba akisikiliza mara tatu, akitafuta ndani ya maneno hayo sehemu moja ambayo ni yeye, na asiione.

Yule mtangazaji mwema alinipa dakika mbili baada ya matangazo ya vifo. Nilisema bila biti, bila kina: "Naitwa Mnong'ono. Baba yangu, Mzee Mbonde wa Mohoro, yu hai. Maneno ya mwisho mliyoyasikia niliyatunga mimi. Yeye ni mkulima na jembe lake halina kutu." Nikakohoa, nikatoka.

Jumatatu barua zikaanza kufika studio. Mwanamke mmoja aliandika kwamba wimbo wangu ulimfanya amlilie baba yake aliyekufa, jambo ambalo lilikuwa limemshinda kwa miaka. Sasa hajui machozi yale aliyalia kwa nani. Barua hiyo sikuijibu. Shoo sita zilifutwa. Kutoka Mohoro ulikuja ujumbe mmoja, kwa dereva yuleyule: "Nimesikia. Njoo tuvune." Nilikwenda, nikavuna vibaya mno, na siku ya mwisho ya mavuno baba aliniwekea mkono kichwani na kusema yale niliyoyafuata.

Ambacho mimi na Mkurugenzi hatukukitarajia ni hiki. Katika shoo ya kwanza baada ya hapo, nilipanda jukwaani nikisubiri kuzomewa. Mtu mmoja nyuma kabisa akapiga kelele, "Mzee hajambo?" Ukumbi ukaangua kicheko. Nikajibu, kwa kuwa ilikuwa kweli, "Hajambo, anawasalimu." Shoo iliyofuata walipiga kelele watu mia. Mkurugenzi, ambaye pua yake haikuwahi kukosea, aliligeuza swali hilo kuwa kibwagizo, na kanda ya "Mzee Hajambo" iliuzwa kuliko zote nilizotoa kabla na baada. Safari hii niliandika tu aliyonituma baba mwenyewe: bei ya mchele, ubishi wake na Bwana Komba, viboko waliolala kwenye shamba. Kila wimbo nilimsomea kwanza. Mistari mingine aliifuta. Alikuwa mhariri mkali kuliko profesa yeyote niliyempata.

Baba alifariki miaka kadhaa baadaye, wakati daraja limeshajengwa na pantoni imestaafu. Nilikuwa Arusha kazini. Niliwahi maziko kwa nusu saa.

Baada ya arobaini nilikuwa na shoo Ikwiriri, uwanjani, alasiri, iliyopangwa tangu zamani. Nilipanda. Kabla sijasema neno uwanja mzima, watu wa kwetu wenyewe, ukaita kwa sauti moja: "Mzee hajambo?"

Nilikuwa nimeahidi nisiseme juu yake jambo ambalo halipo. Nikashika kipaza sauti, nikasema, "Mzee amefariki."

Wakacheka. Walicheka kwa upendo, niliona nyuso zao. Walingoja niendelee na mzaha. Nikarudia, wakacheka zaidi, na kijana wa mitambo, akidhani ndiyo ishara, akaachia biti. Nikaweka kipaza sauti juu ya spika, nikateremka ngazi. Sikupanda tena jukwaani kwa kazi hiyo. Hakukuwa na sherehe ya kuniaga, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba amenisikia mara ya mwisho.

Sasa naandika makala magazetini, kazi isiyohitaji kifua. Vijana wa Kibiti na Ikwiriri huniletea nyimbo zao kwenye simu, na nyingi ni nzuri kuliko zangu. Huniuliza ilikuwaje sikumwimba baba alipokufa kweli, wakati ndipo nilipokuwa na haki. Huwa nawaambia nimezeeka.

Nilipohamia Mohoro baada ya kustaafu muziki, nilimuuliza mama mdogo, aliyekuwa naye alipokata roho, baba alisema nini mwishoni. Alikuwa anapeta mchele. Aliendelea kupeta.

"Aliomba maji," akasema. "Nikampa, akanywa."

Nikamuuliza kama hakusema kingine.

"Kingine cha nini? Alikuwa na kiu."