Nilizima log ya picha za X-ray, mguu wa Bi Zuhura ukanitoa jasho

Wakuu, salaam. Hii naileta kama ilivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga.

Mie ndiye mtu wa system kwenye kituo kimoja cha afya huku Kiwalani. Kila kitu kinakaa kwenye database moja, picha za X-ray zikiwemo.

Kwa wasiojua: database huandika kila badiliko kwenye log. Server ikifa unarudisha backup, kisha log inarudia yaliyofanyika baada ya hapo.

Sasa picha ni kubwa, log ikawa inajaza diski. Nikaiweka safu ya picha NOT LOGGED, yaani picha zisiandikwe kwenye log. Diski ikapumua, nami nikajiona fundi kweli kweli.

Alhamisi umeme ukakatika, ukarudi kwa fujo, diski ya data ikafa, ya log ikapona.

Nikarudisha backup ya Jumapili, log ikasomwa hadi mwisho. Majina yote yapo. Nikamwambia mganga mfawidhi, "Tumepona."

Ijumaa asubuhi akaja Bi Zuhura, mama mtu mzima, mguu una POP, ile plasta ngumu, tangu Jumanne. Daktari akapiga X-ray mpya, akataka kuilinganisha na ya Jumanne. Mfupa ukiwa umehama, apasuliwe haraka.

Akafungua. Jina lipo, tarehe ipo, picha hakuna. Nyeusi tii.

Picha zote tangu Jumapili zilikuwa sifuri tupu, na ni mkono wangu.

"Shikamoo mama. Jumanne hukupiga kioo cha kompyuta picha kwa simu?"

"Marahaba. Si mmebandika tangazo tusipige?"

Tangazo lile nililibandika mie, wakuu. Watu walikuwa wanapiga kioo na kurusha kwenye group la ukoo kabla daktari hajasoma. Nilitamani sakafu inimeze.

Binti yake aliyemsindikiza akainamisha kichwa. "Mie nilipiga, kaka. Nilijibanza mlangoni. Msinigombeze jamani."

Daktari akaiweka simu kando ya kioo.

"Umehama."

Rufaa ikaandikwa palepale. Amepasuliwa, anaendelea vizuri.

Log ya picha nimeirudisha, diski nimeongeza. Siku hizi nikirudisha backup nafungua picha zenyewe, siridhiki na majina.

Nyie mlio kwenye database, picha zenu mmezifanyaje? Karibuni, hata mkitaka kuniponda.

Tangazo nimelibandua. Ila wagonjwa wa wiki ile waliolitii, picha zao ndiyo basi tena.