Siku Punje Zilipoachilia Shaba

Majirani walimwita Mama Maganda, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Kila akitoka sokoni alibeba gunia la maganda ya kamba, yale ambayo wauza samaki huyatupa. Akifika nyumbani aliyaloweka, akayachemsha, akayaanika uani, mpaka nzi wa mtaa mzima wakaijua nyumba yake. Mumewe, fundi cherehani mwenye subira, alizoea kusema, "Wenzangu wameoa wanawake. Mimi nimeoa soko la samaki."

Kazi ya Mama Maganda ilikuwa maabara, katika kiwanda kidogo kinachochovya mabomba na vitasa kwenye shaba na nikeli ili ving'ae. Maji yaliyosuuza vyuma hivyo yalitoka na madini yake, yakashuka mfereji wa mawe hadi bondeni, kwenye bustani za mboga. Moja ya bustani hizo ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe. Msimu mmoja mboga zote za wifi ziligeuka manjano zikanyauka, na wateja wakamkimbia. Alikuja mpaka mlangoni kwa kaka yake, hata kiti hakutaka.

"Mnatulisha sumu, wifi," alisema. "Na wewe unajua."

Tangu siku hiyo hawakusalimiana, hata wakikutana msibani.

Neno lile lilimkaa Mama Maganda kooni kama mwiba wa samaki, na hapo ndipo magunia yalipoanza. Alipokuwa chuoni alifundishwa kwamba maganda ya kamba yakiondolewa chokaa, kisha yakachemshwa kwenye soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, hubaki kitu cheupe, chepesi, chenye tabia ya kushika madini na kutoyaachia. Akakitengenezea punje ndogo kama dengu. Punje za kwanza zilipoonja maji makali ziliyeyuka zikawa uji, na mafundi wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Hakukata tamaa. Akazitibu upya kwa dawa inayozifunga nyuzi zake zishikane, akajaribu tena na tena, mpaka zikawa ngumu. Zikajazwa kwenye mtungi mrefu wa plastiki. Maji machafu yaliingia juu, yakatoka chini meupe, na punje zikageuka buluu kwa shaba zilizoinasa. Mwenye kiwanda alifurahi. Bondeni, wifi alipanda tena mboga, lakini kimya chake hakikuisha.

Udhaifu ulibaki mmoja. Punje zikimwagiwa asidi haziyeyuki tena, ila huachilia kila kitu zilichokamata, kwa mkupuo. Kwa hiyo ilikuwa sheria: asidi ya kusafishia vyuma lazima ipite kwanza kwenye pipa la chokaa, ukali wake utulie, ndipo ipelekwe kwenye mtungi.

Msimamizi wa kiwanda, ambaye wote walimwita Chapchap, aliijua sheria hiyo. Lakini siku moja kulikuwa na shehena ya vitasa ya kumaliza kabla ya jioni, na pipa la chokaa lilikuwa limejaa. Akaamuru asidi imwagwe moja kwa moja mtungini.

Mama Maganda alikuwa maabara anaosha chupa alipoona, kupitia dirisha, kitu ambacho hakupaswa kukiona. Maji yanayotoka chini ya mtungi kuingia tangini yalikuwa buluu iliyokolea. Pembeni yake, bomba la dharura, lile linaloyamwaga maji ya tangi moja kwa moja mferejini, lilikuwa wazi, linatiririka.

Alitoka mbio na glavu zake mikononi. Akalifunga bomba lile, kisha akaungoa usukani wake wa chuma, ule wa kulifungulia, akaukumbatia kifuani.

"Nani kafungua hapa?"

"Mimi," alisema Chapchap akija kwa hatua ndefu. "Tangi limejaa, dada. Ulitaka yafurike humu ndani? Lete hicho."

"Umemwaga asidi?"

"Kidogo tu."

"Kaka, punje zimetapika! Shaba ya majuma mazima inashuka kwa watu. Simamisha kazi."

"Sisimamishi. Lete usukani."

"Sileti. Ukiendelea, maji hayana pa kwenda ila kwako, miguuni. Chagua."

Chapchap alinyoosha mkono. Alikuwa mtu mzima mwenye mwili, na kwa sekunde Mama Maganda alidhani atapigwa. Hakupigwa. Mama Maganda alirudi nyuma, akatoa simu, akampigia wifi yake. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikakatwa.

Basi akakimbia. Alishuka kando ya mfereji, usukani bado mkononi, macho yake yakiifuata ile buluu iliyokuwa ikiteremka sambamba naye. Mbele alisikia mngurumo uliomkata maini: pampu ya wifi ilikuwa inavuta maji.

"Zima! Wifi, zima mashine!"

Wifi yake aligeuka. Alichoona ni mwanamke asiyesema naye, anatweta, ana chuma mkononi. Akanyanyua jembe.

"Umekuja kunipiga shambani kwangu?"

Mama Maganda alimpita, akaizima pampu mwenyewe. Pakawa kimya. Akaonyesha mfereji. Wifi akatazama, na jembe likateremka polepole.

"Hayo ni nini?"

"Ndiyo yale uliyosema. Umemwagilia wapi?"

"Tuta la mwisho. Nimeanza sasa hivi."

"Lete magunia ya mchanga."

Waliufunga mfereji kwa magunia, wakakanyaga udongo mpaka matope yakawafika magotini, bila kusema neno ila "hapa" na "bana huko". Maji yalijikusanya nyuma ya kizuizi, yakapanda, yakatafuta upenyo. Upande mmoja ukaanza kuvuja. Wifi akavua kanga aliyojifunga kiunoni, akaisokomeza kwenye tundu. Yakasimama.

"Sasa tunayafanyaje?" aliuliza.

"Yarudi yalikotoka. Pampu yako inaweza kupandisha?"

"Yangu?" Wifi aliupima mteremko kwa macho. "Inaweza. Mpira wa maji hautafika."

Mpira haukufika kweli, lakini juu, nyuma ya ukuta, sauti ya mashine za kiwanda ilikuwa imekatika. Chapchap akatokea anateremka, suruali imelowa mpaka magotini, bega limebeba mzigo wa mpira. Maji yalikuwa yamemfuata miguuni kama alivyoambiwa. Alifika akauweka mpira chini, hakumtazama mtu.

"Huu utafika," alisema.

Waliyavuta maji yote hadi kwenye mapipa. Kiwandani Mama Maganda aliyatia soda ile kali mpaka ukali wa asidi ukaisha, akayapitisha tena kwenye punje taratibu, akapima kila yalipotoka. Mara ya kwanza bado. Mara ya pili bado kidogo. Wifi alisimama mlangoni na miguu ya matope, hakuondoka mpaka alipoonyeshwa chupa isiyo na rangi.

"Ungekunywa hayo?" aliuliza.

"Hapana," alisema Mama Maganda. "Lakini mboga zako ningekula. Tuta la mwisho ling'oe, na udongo wake tuuondoe."

Shehena ilichelewa, na mwenye kiwanda alifoka. Alimsimamisha kazi Mama Maganda kwa kusababisha hasara, kisha, aliposikia habari yote kutoka kwa Chapchap mwenyewe, akamrudisha na kuamuru bomba la dharura lizibwe kwa saruji. Chapchap alibaki msimamizi. Haraka zake hazikumtoka, ila asidi hakuigusa tena bila kuuliza.

Na wifi? Hakuomba radhi wala hakuombwa. Lakini Jumapili iliyofuata alikuja kwa kaka yake, akakubali kiti. Akaziba pua, akatazama uani kulikoanikwa maganda.

"Wifi," alisema, "hivi huwezi kutibu na hii harufu?"

Fundi cherehani aliangua kicheko mpaka sindano ikamdondoka.